Mwenye baa amekataa kuonja bia yake

Jamani, leo nimekaa mbele ya glasi ya bia nusu saa nzima bila kuigusa.

Lile ghala la zamani la mahindi hapa Busia sasa ni baa. Bia wanaipika humo humo.

Nimeenda na shangazi yangu kutoka kijijini Kwapa. Mwenye baa katuletea glasi mbili. Shangazi akamrudishia yake.

"Onja kwanza, mwanangu."

Si mnajua? Hata kwenye chungu cha malwa, ile pombe ya ulezi, mwenye pombe huanza yeye, wageni waone haina sumu.

Jamaa akacheka. "Mama, mimi nimeokoka. Sinywi."

Umeokoka, na unauza bia?!

Shangazi akanifinya goti. Mimi tayari naangalia mlango.

Jamaa akamwita mama yake kutoka nyuma. Kumbe ndiye mpishi wa bia. Akainywa glasi ya shangazi mpaka chini, akafuta mdomo, akaondoka.

Ikaletwa glasi nyingine.

Shangazi akaikodolea macho. "Dada, hebu njoo tena."

Mara tatu!

Mnaocheka, semeni ukweli: nyie mngekunywa?

Sisi tumerudi na kiu yetu. Aliyelewa ni mpishi.