Gitaa la Besi na Sanduku la Baba Shija

Ipo Jumamosi moja, mwanangu, ambayo naikumbuka kuliko hata siku ya harusi yangu, na marehemu mume wangu anisamehe huko aliko. Ni Jumamosi niliyoshuka kwenye basi pale kwetu Kagongwa nikiwa na gitaa la besi la umeme, jipya kabisa, nimelifunga kwa kanga mbili kwa sababu mfuko wake sikuuweza. Nakusimulia kwa kuwa tangu asubuhi nakuona unavyolizunguka hilo la kwako, unalifuta vumbi ambalo halipo. Kaa hapo kwenye kigoda. Shikamoo yako nimekwisha kuiitikia, sasa nisikilize.

Nilikuwa na miaka ishirini na miwili. Nilikuwa nimekaa Geita karibu miaka mitatu nikiwapikia wachimbaji wadogo, wale wanaoshinda kwenye maduara, yaani yale mashimo yao ya dhahabu. Jumamosi nilikuwa nakwenda kwenye mazoezi ya kwaya ya kule, na mpiga besi wao, kijana mpole kutoka Kigoma, akichoka ananiachia gitaa lake nilichezeechezee. Nilijifunzia hapo, nyuma kabisa, nikiona haya, maana wakati ule mwanamke akishika gitaa watu wanamwangalia mara mbili. Nikaapa moyoni kwamba nitanunua la kwangu na nitalipeleka nyumbani kwenye kwaya yetu. Nikanunua. Lilinigharimu nini sikwambii, we jua tu kwamba viatu nilivaa vilevile mpaka vikaachia soli.

Nyumbani kwa mama nililifungua juu ya kitanda. Lilikuwa na rangi ya damu ya mzee, linang'aa mpaka unajiona pua. Chumba kizima kikanuka vanishi. Nilidhani gitaa nalijua, kumbe lile la kijana wa Kigoma nilikuwa nalishika kwa woga tu. Hili la kwangu lilikuwa zito hata mkanda ukanikata bega. Shingo yake ndefu, mkono wa kushoto unanyooka wote kabla hujaufikia mwisho. Na ule uzi mnene wa juu, ukiubana, kidole kinabaki na mfereji. Nikaucharaza. Ukatoa kasauti kembamba, kama mbu aliyenaswa ndani ya chandarua.

Mama alikuwa nje anaanika michembe, vile viazi vitamu vya kukausha. Akachungulia mlangoni akaniuliza, "Ndiyo hilo tu?" Nikamweleza kwamba hili ni la umeme, bila umeme halisemi, ngoja kesho kanisani. Akaguna, akarudi kwenye michembe yake. Mimi nikakaa nalo mapajani mpaka vidole vikaota malengelenge, na sikuona uchungu hata kidogo.

Jumapili nikawahi kanisani. Mwalimu wa kwaya akawasha jenereta, akaitoa amplifaya, ile kubwa yenye spika ndani yake. Sasa sakafu yetu ilikuwa ya udongo, na akina mama walikuwa wameimwagia maji kutuliza vumbi. Huwezi kuweka chombo cha umeme kwenye maji. Nikaangaza macho nitafute cha kuinulia, na pembeni ya ngoma nikaliona sanduku la Baba Shija.

Baba Shija alikuwa mzee wa miaka sitini na kitu, na ndiye aliyekuwa akiipigia kwaya yetu besi tangu sijazaliwa. Besi yake ilikuwa hilo sanduku: sanduku la mbao la majani ya chai, limetobolewa upande mmoja, lina fimbo na waya mmoja wa breki ya baiskeli. Analikalia, anaivuta fimbo, anaupiga waya kwa kidole, dum, dum. Mzee mwenyewe alikuwa mtu wa maneno machache. Ukimsalimia anakutazama mdomo kwanza ndipo anaitikia, na sisi watoto tulikuwa tunasema ana maringo.

Basi nikaichomoa ile fimbo nikaiegemeza ukutani. Tukainyanyua amplifaya na mwalimu wa kwaya, tukaiweka juu ya sanduku. Ikakaa vizuri kabisa. Na nikasema, mwanangu, kwa mdomo wangu huu huu, "Angalau leo limepata kazi." Watu wakacheka.

Nilipougusa ule uzi mnene, mabati ya kanisa yaliitikia yote. Kuku aliyekuwa amelala chini ya benchi akatoka mbio. Kina mama wakapiga vigelegele kabla hata wimbo haujaanza, na kichwa changu kikavimba pale pale. Katikati ya wimbo wa kwanza akaingia Baba Shija na shati lake la Jumapili lililopigwa pasi. Akaja moja kwa moja mpaka kwetu. Akaliangalia sanduku, akaiangalia amplifaya iliyolikalia, akaniangalia mimi. Unajua nilifanya nini? Nilimtabasamia. Nikaliinua gitaa kidogo alione vizuri. Akaitikia kwa kichwa taratibu, akaenda kukaa kwenye benchi la mwisho karibu na mlango. Nami nikajiambia mzee wa watu amefurahi, sasa atapumzika.

Jumapili iliyofuata hakuja. Nyingine pia hakuja. Watu walikuwa wanakuja kutoka hata Isaka kusikia gitaa la yule binti, na katika furaha ile sikumuulizia.

Jumatano moja mchana nilikuwa kanisani peke yangu najifunza, akaingia mkewe, Mama Shija. Nikapiga goti, tukasalimiana, tukaulizana habari za nyumbani na za shamba. Kisha akasema kwa upole tu, "Mwanangu, lile sanduku mmeshamaliza kulitumia?"

Nikamjibu bado, limebeba amplifaya. Akasema hapana haraka, tukimaliza atakuja kulichukua. Angenitukana ingekuwa nafuu kwangu. Nikamuuliza kama Baba Shija anaumwa. Mama wa watu akavuta benchi akakaa, akawa anaufungua na kuufunga upindo wa kanga yake.

"Haumwi," akasema. "Ila hasikii. Ni miaka mingi hasikii. Ujana wake aliumalizia kwenye mashimo huko Geita, baruti ikamlipukia karibu. Anasikia kwa makalio, mwanangu." Akacheka mwenyewe, halafu akafuta macho. "Akilikalia lile sanduku, ngoma inamfikia, miguu ya waimbaji inamfikia, anajua wimbo uko wapi. Ukimwondoa pale juu, anaona watu wanafumbua midomo tu. Ndiyo maana hataki tena kuja. Na mkimuuliza msiseme nimewaambia, alikuwa anaogopa mtamtoa kwenye kwaya."

Kumbe nilikuwa nimemtoa mimi, bila hata kujua kwamba hasikii. Mzee yule hakunyimwa sanduku. Nilikuwa nimemnyima kanisa lote, nyimbo zote, na Jumapili zote zilizokuwa zimembakia. Nilitamani ardhi inimeze. Nililia mbele ya Mama Shija kama mtoto, naye akaniacha nilie, hakunibembeleza.

Tuliishusha amplifaya sisi wawili. Nikajitwika sanduku kichwani, gitaa nikalining'iniza mgongoni, Mama Shija akabeba fimbo. Tukapita katikati ya senta jua la saa saba, vijana wa baiskeli wakituzomea kwamba bendi inahama. Tulimkuta Baba Shija uani anatia mpini kwenye jembe. Nikapiga goti mbele yake, nikahakikisha anauona mdomo wangu, nikamwambia, "Shikamoo baba. Nimekosa. Nimeweka mashine mahali pako pa kukaa, tena nikacheka. Naomba unisamehe."

Alimtazama mkewe, akajua kwamba siri imetoka. Akaweka jembe chini. Akanyoosha kidole kwenye gitaa, akasema, "Hebu hilo."

Umeme wapi uani kwa watu? Nikakaa kwenye kigoda, nikalicharaza, likatoa kale kasauti kake ka mbu. Mzee akasogea. Akaweka kiganja kwenye mbao. Kisha akainama, akaegemeza kidevu chake kwenye pembe ya gitaa, ile ncha ya juu inayochomoza, akafumba macho. "Piga," akasema.

Nikaupiga uzi mnene. Mwanangu, jaribu hapo ulipo, weka kidevu. Sauti inapita kwenye taya, inajaa kichwani, masikio hayahusiki kabisa. Nilimwona mzee nyusi zikipanda. Akashika gitaa kwa mikono miwili kama anayeogopa litachukuliwa. "Tena," akasema. Nikampigia wimbo mzima wa Jumapili ile, wote, mpaka mwisho, na nikaona mikunjo ya paji la uso inafunguka mmoja mmoja. Nikawa nasubiri anisifu.

Akainua kidevu. "Unakimbia," akasema.

"Baba?"

"Unakimbia. Ule wimbo una kina mama wenye watoto mgongoni. Unawakimbiza waende wapi?"

Akanishika mkono wa kulia, akaanza kunigonga kwenye kifundo kwa vidole viwili, polepole, mpaka nikatulia. Kanisa zima lenye masikio lilikuwa limenipigia vigelegele majuma yote yale, na hakuna aliyeniambia. Ameniambia mtu asiyesikia, baada ya kulishika gitaa mara moja tu. Tulikaa pale mpaka Mama Shija akatuletea michembe ya kuchemsha na karanga, tukala, tukarudia tena.

Kabla sijaondoka nilimwambia kwamba Jumapili sanduku litarudi mahali pake, na yeye juu yake. Akanionyesha kidole chake cha kupigia, kimepinda, kimeota sugu mpaka kucha. "Hiki kimechoka," akasema. "Kupiga piga wewe. Mimi nipe pa kukaa tu."

Jumapili ile nilibeba matofali kutoka kwa mama, amplifaya tukaiweka juu ya matofali, na spika yake tukaielekeza kwenye mgongo wa sanduku, karibu kugusana. Baba Shija akaja, akakaa. Nikaanza, taratibu, kama alivyonigonga mkononi. Alishtuka mwili mzima. Akaweka viganja vyote viwili juu ya sanduku huku na huku, akacheka kwa sauti. Halafu, ngoma ilipoingia, akafungua mdomo akaimba.

Hatukuwahi kumsikia akiimba. Miaka yote ile alikuwa anapiga tu, amefumba mdomo, kwa kuogopa kujulikana. Na sikudanganyi, sauti ilikuwa mbaya. Ilikuwa kavu, na katika sauti za kwaya haikuwa ya kwanza wala ya pili wala ya tatu. Mwalimu wa kwaya akanigeukia, akitaka nimfanyie mzee ishara anyamaze. Nikatikisa kichwa, nikaendelea na uzi wangu. Mama Shija kwenye mabenchi ya kina mama alijifunika uso kwa kanga. Wimbo ulipokwisha mzee akaniinamia sikioni ili aniambie kwa siri, lakini asiyesikia hajui kunong'ona, na kanisa zima likasikia: "Wabeja." Kwa Kisukuma chetu hiyo ni asante. Mimi ndiye niliyekosa, na yeye ndiye aliyenishukuru.

Alikaa kando yangu miaka mingi baada ya hapo, na nikikimbia ananigonga. Alipofariki nilipiga besi kwenye mazishi yake, polepole. Chochote ninachokijua kwenye gitaa hili nimekipata kwake, na kila nikipiga namshukuru Mungu kwamba Mama Shija alikuja siku ile kuuliza habari za sanduku. Asingekuja, ningezeeka na sifa zangu, na mzee angezeekea uani.

Sasa nasaha yangu ni hii, mwanangu. Ukipata kitu kipya, kabla hujakiwasha, uliza hiyo kazi ilikuwa inafanywa na nani. Nenda kwake kwa miguu yako. Kaa chini, umwonyeshe, umwache akishike. Usidhani umempumzisha kama hujamuuliza kama amechoka, maana hujui pale alipokaa anapata nini. Na akikwambia unakimbia, usibishe.

Mimi sikuwa na akili hiyo. Wewe unayo. Najua Jumapili utapiga wewe badala yangu, mwalimu wa kwaya ameniambia, na vidole vyangu vimekakamaa, nimeridhia kwa moyo mweupe. Ila nilikuwa nimekaa hapa juma zima nikijiuliza kama kuna mtu atakumbuka kunijia. Leo asubuhi nikasikia hodi, kumbe ni wewe, na gitaa hujalifikisha hata kanisani. Asante, mwanangu. Hujui umenipa nini.

Lete mikono yako. Mungu aibariki mikono hii na kila mtu atakayeimba juu ya besi yako. Akupe utulivu ukishangiliwa, akupe na wa kukuambia ukweli. Na siku yako ya kuwa kama mimi itakapofika, akuletee mtu wa kukupigia hodi. Amina. Haya, nisogezee, nami niweke kidevu.