Picha Iliyokwama Ndani ya Kompyuta ya Mama

Leo asubuhi, hapa kwangu Ngoingwa, kompyuta imeanza vituko. Naiwasha, nembo inatokea, kiduara kinazunguka, kisha skrini inakuwa nyeusi na mashine inaanza upya yenyewe. Mara ya kwanza nilipuuza. Ilipoendelea, viganja vilianza kunitoka jasho, na kama ungeniona ungedhani nimeletewa habari za msiba. Ndani yake mna kazi za ofisi tu, na nakala zake ninazo. Lakini mwili haujali hayo. Wangu ulijifunza hofu hii zamani, na ngoja nikueleze ulikojifunzia.

Nilikulia Kiuu, upande wa Ruiru, katika ploti ya vyumba vya mabati vilivyotazamana, bomba moja la maji katikati. Chumba cha mbele, kilichoelekea barabara, mama alikifanya studio ya picha. Alikuwa na kamera, printa na kompyuta nzito ya rangi ya kijivu ambayo aliifunika kila jioni kwa kitambaa cha kufuma, kama vile vya kwenye viti vya sebuleni. Nikitoka shule, kazi yangu ilikuwa kupangusa vumbi kwenye kaunta na kukata picha za pasipoti, nikiambiwa nisimkate mtu sikio. Harufu ya wino ilichanganyika na ya makaa na uji wa wimbi, maana mlango wa pili aliishi mama wa uji.

Huyo mama aliamka na kuweka sufuria motoni kabla ya jogoo wa jirani, na wanaume wa mjengo, vibarua wa ujenzi, walienda kazini na joto lake tumboni. Mimi na binti yake tulikuwa darasa moja. Mama wa uji hakuwa na mtoto mwingine, na baba wa huyo binti hatukuwahi kumwona. Hakupenda kupigwa picha hata kidogo. "Hii sura wanaoitaka waje waione hapa," alikuwa akisema, akigeukia sufuria. Mara moja tu, siku binti yake alipobatizwa, mama yangu alimvizia akicheka, mwiko mkononi, macho yamefumba kwa raha. Alipoonyeshwa kwenye skrini alisema ifutwe. Mama akasema sawa, na hakuifuta.

Msimu wa baridi uliofuata, mama wa uji aliugua kifua. Walimpeleka hospitali akitembea mwenyewe, amejifunga leso mabegani, na hakurudi.

Kwa ajili ya mazishi ilipatikana picha ya kitambulisho peke yake, imekuzwa hadi uso ukawa kama moshi. Binti yake aliitazama, akaiweka chini, akaja kwenye kaunta yetu. "Anti, ile anacheka bado iko?"

"Iko, mwanangu," mama akamjibu. "Kesho asubuhi nitakutolea."

Kesho yake kompyuta ikakataa. Feni ilivuma, nembo ikaja, tukapumua, halafu skrini nzima ikawa buluu na maandishi meupe yasiyosomeka kwa haraka. Ikajizima. Ikajiwasha. Buluu tena. Mama alichomoa waya, akangoja, akachomeka. Buluu. Picha haikuwa mahali pengine popote; kadi ya kamera ilikuwa imefutwa na kujazwa arusi na mahafali ya watu wengine mara nyingi tangu hapo. Nilimsikia akimwita Mungu, "Ngai," kwa sauti ya chini, kama mtu anayebisha mlango wa nyumba yenye mgonjwa.

Aliitwa fundi kutoka stejini, kwenye kituo cha matatu. Alitazama kidogo tu, akasema, "Hii tunapiga fomati, mama. Itakuwa kama mpya."

"Na picha zilizo ndani?"

"Hizo zitaenda. Lakini mashine itapona."

Mama aliweka mkono juu ya ile mashine. Msichana alikuwa amekaa kwenye benchi hapo nje, anasikia kila neno, anang'oa uzi kwenye pindo la sweta yake. Mazishi yalikuwa siku inayofuata, na mtengeneza vijitabu vya ibada alikuwa ameshapiga simu kuuliza picha iko wapi. "Wacha kwanza," mama akasema. Fundi akashangaa na kuondoka. Cucu, nyanya yangu, alikuwa na msemo wake, kwamba kitu ukikishika kwa pupa kitakufia mkononi, na nadhani mama aliushikilia huo kwa kuwa hakuwa na kingine.

Tumaini lililobaki lilikuwa mwalimu. Alipanga chumba cha mwisho kwenye ploti yetu na alifundisha kompyuta katika shule moja ya upili huko Thika. Tukamngoja. Ile siku sijui ilikuwa ndefu namna gani. Kila mara lango lilipolia, sisi watatu tuligeuka pamoja. Chakula cha mchana kilipoa kwenye sahani. Mama aliiwasha mashine tena, akaogopa kwamba anaiharibu zaidi, akaizima.

Mwalimu alifika jioni na vumbi la chaki kwenye mikono ya koti. Hakukaa. "Kabla haijaanza hivi, kuna kitu mliongeza au mlibadilisha?"

Mama alifikiri. "Tuliongezewa memori juzijuzi, ili picha zifunguke haraka."

Alichomoa printa na kila kilichoning'inia. Buluu. Akajaribu kuiwasha kwa njia ya dharura, ile inayoamsha vitu vichache tu. Buluu. Mwalimu akafungua ubavu wa mashine, akatoa vipande viwili vyembamba vya memori, akaniomba kifutio cha penseli, akasugua meno ya vipande hivyo, yale ya rangi ya dhahabu, taratibu. Akavirudisha vyote. Buluu. Akaacha kile kipya peke yake. Buluu. Akakitoa, akaweka cha zamani peke yake, akabonyeza.

Nembo ikaja. Ikapita. Tukasikia ule muziki mfupi wa kufunguka.

"Usiguse kingine," mwalimu akamwambia mama. "Nakili picha kwanza."

Mama alitafuta, akapita arusi, akapita watoto wa watu, mpaka mama wa uji akajaa kwenye skrini na mwiko wake. Binti yake alisogea karibu kabisa. "Alikuwa amevaa ile blauzi ya kijani," akasema. "Nilikuwa nimesahau." Kisha akalia, kwa mara ya kwanza tangu siku ile ya hospitali, na mama akamshika hadi printa ikamaliza.

Kesho yake, kaburini, wazee wawili walinong'ona kwamba picha ya kucheka haifai msibani. Mjomba wa msichana, aliyekuja kumchukua akaishi naye mashariki ya Thika, akasema iachwe.

Ile ploti haipo. Pamejengwa ghorofa, na chini yake pana duka la vigae. Simu zenye kamera ziliifunga studio ya mama kabla ya tingatinga kufika, na mwalimu alihamishwa, hatujui aliko. Uji wa asubuhi sasa unauzwa kwa chupa, na watu wanaunywa wakitembea.

Rafiki yangu, yule binti wa mama wa uji, sasa anaishi Kamenu na watoto wake. Nilipomtembelea juzi, binti yake mdogo aliishusha ile picha ukutani, akaniuliza, kwa kuwa mimi nilimjua, cucu yake alikuwa akichekaje. Nikafungua kinywa nimwigizie. Nikakitafuta kile kicheko, nisikipate. Mama yake aliacha kuosha vyombo jikoni, akasikiliza, naye pia akitaka kujua.