Msiba Nilioufungia Mlango Niboye

Siku ile naikumbuka kuliko nyingine zote nilizoishi Kigali, mwanangu, na wala haikuanza na jambo kubwa. Ilikuwa Jumamosi ya umuganda, ile kazi ya pamoja ya kila mwisho wa mwezi, mtaa mzima umetoka na majembe kuzibua mifereji, na mimi nimejifungia chumbani kwangu Niboye, nimelala chali natazama dari. Nilisikia majembe yakigonga mawe. Nilisikia watu wakicheka. Niliwachukia kwa kucheka kwao, ingawa hawakuwa na kosa lolote.

Nitakueleza kwa nini nilikuwa nimelala, lakini kwanza nikwambie kwa nini nasema nawe. Jana, nyuma ya ofisi ya walimu, nilikusikia ukiuliza kwenye simu, "Kwa hiyo mmeshazika?" Uliporudi ndani macho yamekuiva, mwenzetu mmoja akakuuliza una nini, ukasema ni mafua tu, hujaizoea baridi ya huku. Ukachukua chaki ukaenda darasani. Mimi nilibaki na kikombe changu cha chai mpaka kikapoa. Mafua hayo nayajua.

Nilikuja nchi hii kijana wa umri wako, kutoka Biharamulo, kufundisha Kiswahili. Shule iliyoniajiri ilikuwa ndogo, walimu wachache, na kwa kuwa nilikuwa mtu wa kanisa nikapewa pia kuongoza sala ya asubuhi. Nilikuwa naomba vizuri, nisijisifu. Watoto walifumba macho kweli kweli nikiomba mimi, na mkuu wa shule alipenda kuniambia kwamba sala yangu inamwamsha kuliko kahawa. Nilikuwa na maneno mengi. Sikujua kwamba maneno nayo huisha.

Nilipanga chumba cha uani kwa Mama Konsolata, mjane mmoja wa Kinyarwanda aliyekulia ukimbizini Karagwe, akarudi kwao akiwa mtu mzima baada ya vita. Kiswahili chake kilikuwa cha Kagera kabisa, ungedhani umekutana naye sokoni Kayanga. Alikuwa mwepesi wa kukasirika na mwepesi wa kugawa chakula. Aliniita mwanangu tangu siku ya kwanza, nami nikamwita mama, kwa adabu tu, kama tunavyomwita kila mwanamke mtu mzima. Neno hilo sikuwa nimelitilia maana yoyote.

Mwaka huo mama yangu mzazi aliugua tumbo. Simu hazikuwa mikononi mwa kila mtu kama zilivyo leo. Habari za nyumbani nilizipata kwa madereva wa malori wa kwetu waliokuja kushusha mizigo kwenye maghala ya forodha kule Gikondo. Niliposikia hali yake nikataka kwenda. Mama akanitumia neno kwa dereva, kwamba nisiwaache watoto wa watu karibu na mitihani, niombe tu, Mungu anasikia popote. Basi nikaomba. Nilifunga, nikapiga magoti kwenye sementi mpaka magoti yakaota sugu. Na niliamini, mwanangu. Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo, kwamba niliamini. Ningekuwa na shaka ningepanda basi, maana kutoka hapa hadi Biharamulo ukiondoka alfajiri jioni uko nyumbani. Imani ndiyo iliyonikalisha Kigali.

Nikaenda Gikondo kuuliza habari. Dereva mmoja aitwaye Shabani, mtu wa kijijini kwetu, akaniona kwa mbali akavua kofia. Baada ya hapo hakuwa na haja ya kusema, lakini alisema. Mama amefariki, wamezika, wamekosa njia ya kunipata mapema. Akanishika mkono, akataka tukae kidogo kivulini mwa lori lake. Nikamwambia nina kipindi. Kweli nilikuwa na kipindi. Nikarudi shuleni nikafundisha, na kesho yake asubuhi nikasimama mbele ya watoto nikaongoza sala. Midomo ilitembea yenyewe. Niliposema amina niliona aibu, si kwa watoto bali kwa Mungu, halafu nikagundua kwamba sina hakika tena kama yupo wa kumwonea aibu.

Mtaani sikumwambia mtu. Nilijiambia msiba uko Biharamulo. Hapa hakuna maiti, hakuna kaburi, hakuna ndugu hata mmoja. Nimwalike nani, aje kukaa na nini? Tena unajua nchi hii imepitia nini. Kila nyumba iliyonizunguka ilikuwa na watu wake waliokufa vifo ambavyo sithubutu kuvitaja. Mimi niende kuwalilia watu hao habari ya mama mzee aliyefia kitandani kwake kwa ugonjwa? Niliona ni kukosa haya. Ukiyasikiliza haraka hata wewe utasema nilikuwa na busara, na nadhani jana ulijiambia maneno yanayofanana na hayo.

Jumamosi ile ya umuganda Shabani akaja kunitafuta. Saa za umuganda magari hayatembei, kwa hiyo alipanda kwa miguu kutoka Gikondo, ameshika mfuko wenye kitenge cha mama ambacho dada yangu alimpa aniletee, maana kule Gikondo niliondoka kabla hajanipa. Alipofika kwenye mtaa wetu akawakuta watu wameinama mferejini. Na Shabani kwa adabu zake za kwetu akasimama, akawaambia wote kwa pamoja, "Poleni na msiba." Watu wakainuka wakatazamana. Msiba upi? "Wa mwalimu wenu," akasema Shabani. "Mama yake." Mama Konsolata aliniambia baadaye kwamba hajawahi kuaibika namna ile, kupewa pole na mpita njia kwa msiba ulio ndani ya ua wake mwenyewe.

Aligonga mlango wangu kwa mpini wa jembe mpaka nikafungua. Shabani alikuwa nyuma yake, anatazama chini kama aliyevunja chombo cha watu.

"Mama yako amekufa?" akaniuliza.

"Ndiyo, mama."

"Na kila asubuhi unapita hapa. Shikamoo mama, umeamkaje mama, maji yametoka mama. Nami naitikia marahaba kama mjinga."

Nikasema sikutaka kuwasumbua. Nikasema hapa si kwetu. Akaingia, akaketi kitandani kwangu bila kukaribishwa, jembe lenye tope kalilaza magotini, na sauti yake ikashuka. Nilikuwa namwogopa zaidi sauti yake ikishuka.

"Nisikilize. Baba yangu alifia Karagwe, mimi msichana. Tulikuwa wakimbizi, hatuna hata mkeka wa kuwakalishia watu. Wenyeji wa pale wakaja na kuni zao na ndizi zao, wakalala uani kwetu mpaka msiba ukaisha. Hakuna aliyeuliza sisi ni wa wapi. Nimekaa na jambo hilo moyoni miaka yote hii. Sasa Mungu ananiletea Mtanzania, anapanga kwangu, anafiwa nyumbani kwangu. Na wewe unanifungia mlango."

Ningenyamaza hapo ningekuwa na akili. Lakini nilikuwa kijana msomi, nikamletea ile habari ya kaburi, kwamba huwezi kukaa msiba mahali pasipo na kaburi.

"Kaburi?" akasema. "Kaka zangu waliobaki huku, unajua walipo? Mimi sijui. Mtaa huu wote, ni nani amezika wake wote? Kama tungesubiri makaburi tusingekaa ikiriyo hata siku moja." Ikiriyo ni tanga la hapa, mwanangu, ule mkao wa majirani na moto uani jioni. "Mimi niliporudi sikuwakalia kaka zangu. Sikuwa na mtu wa kukaa naye, wote ni wageni, wote wana wao. Najua inavyokuwa. Unaoza ndani na bado unaenda sokoni, unachagua nyanya. Sitaki kuliona jambo hilo kwa mtu mwingine, na hasa si uani kwangu."

Akainuka akaenda kuwasha moto.

Walikuja jioni ile ile. Wengine walikuwa bado na udongo kwenye viatu. Walileta kuni, maziwa, viazi vya kuchemsha. Mzee Anastazi, jirani yetu aliyekuwa seremala Gisozi kwenye karakana za mbao, alikuja na benchi jipya begani, halijapigwa hata msasa, likanichana suruali. Shabani alikaa karibu yangu akasimulia jinsi mazishi yalivyokuwa, nani alilia sana, nani alichelewa, mvua ilinyesha saa ngapi. Nilikuwa sijayajua hayo. Nilikuwa nimemzika mama kichwani mwangu mahali pakavu, kumbe kulikuwa na matope.

Kisha mtu mmoja akasema tuombe, na wote wakanigeukia. Ndiyo, mimi ndiye mwalimu wa sala, watoto wao walikuwa wakiwasimulia. Nikasimama. Nikafungua mdomo. Hakikutoka kitu, mwanangu, hata lile neno la kwanza ambalo mtoto mdogo analijua. Moto ulikuwa unalia, watu wamefumba macho wananisubiri, na mimi nimesimama na kitenge cha mama mkononi sina la kusema kwa yule niliyemwomba asiniulie mama.

Mzee Anastazi akanivuta shati taratibu. Kiswahili chake kilikuwa cha hapa hapa mjini.

"Mwarimu, ikae," akasema. "Leo weye iko mfiwa. Maombi iko ya sisi. Ya weye ni kukaa tu."

Nikakaa. Akaomba yeye, kwa Kinyarwanda, na nusu ya maneno sikuyaelewa. Nililia hadi Mama Konsolata akanifunika kichwa kwa kitenge kile.

Usidhani basi kwamba imani ikarudi. Ningependa nikuambie hivyo, na pengine mwalimu mwingine angekuambia hivyo ili usimulizi upendeze. Haikurudi, si kama ilivyokuwa. Nimeongoza sala za asubuhi miaka mingi tangu hapo, na siku nyingi naomba kama mtu anayepiga simu isiyopokelewa, ila namba hiyo ndiyo pekee niliyo nayo. Kwa nini aliyefunga na kuamini akose, na asiyewahi kuomba apate? Nimezeeka bila jibu. Nilidhani mvi zitakuja nalo.

Mama Konsolata alikwisha kufa, na Mzee Anastazi naye. Wote wawili niliwakalia, nikabeba benchi mwenyewe. Ule ua umevunjwa, pamejengwa nyumba ndefu yenye geti na mlinzi. Mtu akifiwa siku hizi tunaandikiana pole kwenye simu, tunaweka na picha ya mshumaa, halafu kila mtu anaendelea na habari zake. Mji ni safi, mifereji inapitisha maji vizuri kuliko zamani, na mimi hupita jioni nikitafuta moto uani mwa watu nisiuone. Nina hofu, sikufichi. Sijui nani atakaa kwangu siku yangu ikifika, maana kwetu Biharamulo wamebaki watoto wasionijua na hapa majirani nawajua kwa namba za milango.

Kwa hiyo ninachokuusia ni hiki, na kimenigharimu. Usiufiche msiba kwa sababu uko ugenini. Kilio hakina haja ya kaburi karibu, kina haja ya watu. Usipime kifo cha wako kwa vifo vya wenyeji ukaona chako ni kidogo cha kuonea aibu, kwa sababu wao hawajakuomba upime, na ukiwafungia mlango hujawapumzisha hata kidogo, umewanyima. Na sala ikikukataa, usisimame mbele ya watoto ukitikisa midomo kama nilivyofanya mimi. Kaa chini. Iko ya wengine siku hiyo.

Sijui ni nani wako aliyezikwa bila wewe. Utanitajia jina leo jioni, kwa sababu nitakuja, na benchi la Anastazi bado ninalo, sasa limelainika kwa kukaliwa. Nimekwisha kumwambia mwenye nyumba wako atuachie kona ya uwanja tuwashe moto, na wenzetu wawili watatu wa shuleni nao wanajua. Sitakuambia kwamba Mungu ana makusudi yake. Siyajui, na nimechoka kuyatafuta. Ila aliye juu, kama anasikia, amlaze mahali pema huyo uliyemkosa, akupe wewe usingizi, na asikuache uzeeke na mlango uliofungwa. Amina ya hapo usiihangaikie, mwanangu. Nitaiitikia mimi.