Neno Lililomponza Falesi

Falesi Namagowa alikuwa fundi cherehani pale sokoni Luchenza, mjane mwenye maneno machache. Matanga ya mumewe yalipokwisha, mjomba wake, Mzee Majawa, akamtafutia mchumba mwenye mashine ya kusaga mahindi. Falesi akakataa. Mjomba hakugomba wala hakuinua mkono. Kila asubuhi alikuja akaketi kwenye ngazi ya mlango wa Falesi; akiletewa uji hanywi, akiletewa sima hali. Majirani wakaanza kunong'ona kuwa Falesi anamuua mzee wa watu kwa njaa. Wateja wakapungua. Mwishowe Falesi akachoka.

"Haya Mjomba, nimekubali. Kula."

Siku ileile jogoo wa uchumba, ambaye kwa mila yao akipokelewa posa imekubaliwa, akapokelewa.

Falesi hakupata usingizi mzuri tena. Akaenda kushitaki kwa mkuu wa kijiji, na mbele ya ukoo mzima akamwita mjomba wake *wokakamiza*, yaani mshurutishaji. Watu wakaguna. Neno hilo wenyeji wa Thyolo, wilaya ile, walizoea kuwabandika wanyapara wa mashamba ya chai, wenye viboko vyao. Hakuna aliyewahi kumpachika mjomba, ambaye kwa mila ndiye msimamizi wa ndoa ya mpwa wake.

"Alikupiga?" mkuu akauliza.

"Hapana."

"Alikutishia?"

"Hapana, mzee. Alikataa kula."

Baraza zima likacheka. Mzee Majawa akasema kwa upole kwamba tumbo ni lake, na mtu huweza kukosa hamu.

"Basi nani aliushika ulimi wako ukasema umekubali?" mkuu akamuuliza Falesi.

Kila Falesi alipotaka kueleza, mama zake wadogo walimvuta kanga, wakimwambia asizidi kujiaibisha.

"Angenichapa ningewaonyesha alama," akasema. "Sasa nitawaonyesha nini?"

Akatozwa kuku kwa kumtukana mjomba, na uchumba ukabaki palepale. Ila yule mwenye mashine alikuwapo, na neno lile lilimkaa vibaya. Akasema hawezi kwenda kusemwa sokoni kuwa ameletewa mke wa kushurutishwa. Akadai jogoo wake, akaondoka naye kwapani.

Falesi akanusurika hivyo, bila hata mtu mmoja kumwambia alikuwa na haki. Hilo linamkera mpaka leo. Mjomba huja kumtembelea, hula akashiba, kisha huuliza kama amtafutie mwingine. Majirani husema wamepatana. Falesi hawajibu, maana akilitamka tena lile neno watamkumbusha yule kuku wa faini.