Moshi Ndani ya Nyumba ya Bibi Tekla

Niseme ukweli tangu mwanzo: sikwenda milimani kwa kuwa nina moyo mzuri kuliko wenzangu. Vijana wa parokia yetu ya Boko walikuwa wameshakubali kwenda Uluguru kukarabati nyumba za watu wasiojiweza, kisha siku ya kikao wakagundua kwamba kati yao wote hakuna anayejua hata kushika mwiko. Makarani wapo, walimu wapo, yupo na dada mmoja muuza vitenge kutoka Kiwalani. Fundi nilikuwa mie peke yangu. Miaka tisa napiga lipu na kuezeka nyumba za watu Madale, na sifa nazipenda, sikatai. Kelvin, mwenyekiti wetu, karani mwenye maneno matamu, akaniambia, "Sista Anna, bila wewe tutaenda kupiga picha tu tukarudi." Nikaenda kufungasha.

Tulipangiwa nyumba tatu, na mie na Kelvin tukapewa ya Bibi Tekla, mjane anayeishi peke yake. Katekista wa kule alitueleza kwa simu hali ilivyo. Mabati ya bibi yameoza, mvua ya juzi imemnyeshea kitandani, na mwanawe Deo, mwenye duka Morogoro mjini, ameshasema basi. Jumapili anapanda kuja kumchukua, na akikuta nyumba bado si ya kuishi mtu, anashuka naye siku hiyo hiyo. Bibi hataki kuondoka kwake. Kwa hiyo tulikuwa na siku tatu za kazi, kuanzia Alhamisi hadi Jumamosi, za kumbakisha bibi wa watu nyumbani.

Jumatano alfajiri tuliondoka Boko kwa Kosta ya kukodi, tukakata kwa Madale na Goba hadi Mbezi, tukaingia barabara ya Morogoro. Hadi Chalinze watu waliimba. Baada ya chai na chapati za Chalinze wakalala wote, midomo wazi, isipokuwa mie niliyekuwa nahesabu misumari kichwani.

Saa sita mchana tulishuka Morogoro, tukahamia kwenye lori la mboga, lile linaloshuka na kabichi asubuhi na kupanda tupu. Mabati na saruji chini, sie juu yake. Barabara ya kupanda Mgeta ina kona ambazo ukizitazama sana unaanza kuwaombea marehemu wako, nami nikaamua kutazama bustani. Mashamba yamekatwa ngazi ngazi mlimani, karoti hapa, njegere pale, na watu wanalima pahala ambapo mie hata kusimama nisingeweza. Ukungu ukaanza kutuingia kwenye nguo. Yule dada wa Kiwalani akajifunga vitenge vitatu, kimoja juu ya kingine, na bado meno yakawa yanagongana.

Lori lilipoishia, iliyobaki ilikuwa njia ya miguu. Katekista alitupokea na wanawake kama kumi waliokuja kusaidia mizigo. Nikabeba bati moja kichwani, nikapanda hatua hamsini hivi, nikakaa chini. Bibi mmoja mwembamba, peku, akanipita na mabati mawili kichwani.

"Shikamoo bibi," nikasema kwa pumzi iliyobaki.

"Marahaba mwanangu. Pumzika tu, nyumba haikimbii."

Nilipofika juu nikamkuta ameshatua, anatuchemshia chai. Ndiye Bibi Tekla mwenyewe. Nilimpenda papo hapo, na aibu ikanishika pia.

Alhamisi tuliezua. Nyumba yake ni ya miti na udongo, vyumba viwili. Kimoja ni cha kulala, cha pili kina meko ya mafiga matatu, na juu ya meko kuna dari ya fito ambapo amepanga mahindi yake ya mbegu, meusi kwa masizi. Tuliyatoa mahindi tukayatandaza kwenye mkeka, tukabadilisha miti iliyoliwa na mchwa, na kufikia jioni bati jipya lilikuwa juu na mahindi yamerudi mahali pake. Bibi alizunguka nyumba mara mbili, mkono mdomoni. Kelvin alikuwa ameshapigilia kidole chake mara tatu, lakini hakulalamika, na hilo namsifu.

Ijumaa ndiyo siku niliyoharibu.

Kati ya kichwa cha ukuta na bati kulikuwa na mwanya, nyumba nzima kuzunguka, upana wa kupitisha ngumi. Sasa sie watu wa Dar tukiona tundu tunaona mbu na mwizi. Nyumba yoyote ya Madale nikikuta mwanya wa namna ile naziba kabla sijaulizwa. Nikamwambia Kelvin, "Cheki, ndiyo maana bibi anaumwa baridi. Tunaziba yote." Tukachanganya udongo na saruji kidogo, tukajaza vipande vya tofali, nikapiga lipu ndani na nje, nikalainisha mpaka ukuta ukateleza. Wenzetu wa nyumba nyingine wakaja kutazama. Kelvin akapiga picha pande zote nne. Bibi akasimama mlangoni, akaangalia juu kwa muda, akasema, "Ahsanteni wanangu. Mmefanya kazi kubwa." Nami nikavimba kichwa.

Jumamosi asubuhi tulitoka kwa katekista tulikolala, manyunyu yanaanguka. Bibi tulimkuta nje, amejifunika blanketi, anapika uji kwenye mawe matatu chini ya mgomba.

"Bibi, mbona nje na mvua hii?"

"Humo ndani pazuri mno, mwanangu. Naogopa kupachafua."

Mnaweza kuamini nilifurahi? Nilifurahi kabisa. Nikamwangalia Kelvin kama kumwambia, umesikia hiyo. Uji nikanywa, nikasifu, nikaingia ndani kuchukua mwiko wangu. Sikufika hata katikati ya chumba. Moshi ulikuwa umejaa toka kwenye bati hadi kiunoni, umekaa tu, hauna pa kwenda, na moto wenyewe ulikuwa umezimwa kitambo. Nikatoka nakohoa, machozi yanatiririka, na ndipo nilipoyaona vizuri macho ya bibi. Yalikuwa mekundu, yamevimba. Kisha nikakumbuka nilichokiona humo ndani, nikarudi mlangoni kuhakikisha. Dari ilikuwa tupu. Mahindi ya mbegu hayapo.

"Bibi, mbegu ziko wapi?"

"Nimempelekea jirani, anitunzie kwake."

"Kwa nini?"

Akakoroga uji ambao ulishaiva. "Moto nisipowasha ndani, wadudu watayala."

Basi nikaelewa yote kwa mpigo. Ule mwanya ndio uliokuwa dohani lake. Moto wa ndani unampa joto huku kwenye baridi, moshi unapita kwenye mbegu ukizuia wadudu, unapita kwenye miti ukizuia mchwa, halafu unatokea zake chini ya bati. Mie nimeziba, na bibi ameshaanza kupanga maisha yake upya kuzunguka makosa yangu: apike mvuani, mbegu zikae kwa jirani, alale kwenye baridi.

Na hapo hasira ikanipanda, na kama kawaida yangu ikampata asiyehusika. "Sasa bibi si ungesema? Jana nzima umesimama hapo unatuangalia, si ungesema tu?" Nilisema kwa sauti ya kule saiti, ile ya kumfokea mchanganya zege. Bibi akainamisha kichwa. Kuku wakakimbia.

Kelvin akanigusa bega. Nikachuchumaa, nikashika mkono wa bibi, nikamwomba radhi. Akasema polepole:

"Nilijua nikisema mtakasirika, mtaondoka. Mkiondoka, kesho Deo ananichukua. Nikaona afadhali moshi."

Nililia, na safari hii haukuwa moshi.

Kelvin alinivuta pembeni. "Sista, tufikirie. Deo anakuja kesho. Akikuta tumebomoa, ukuta una mashimo, si ndiyo kabisa atamchukua?"

"Na akikuta mama yake anapika mvuani?"

"Akikuta ukuta mzuri hataingia kuuliza ya moshi."

Alikuwa na hoja, na nikiri kwamba kwa dakika nzima niliitamani. Picha zilishapigwa, lipu ilikuwa imenyooka. Halafu nikamwona bibi anahamisha sufuria ili manyunyu yasiingie kwenye uji. Nikachukua nyundo na tindo.

Ila safari hii niliuliza kwanza. "Bibi, tubomoe wapi?"

Akasema tusibomoe wote. Upande wa juu, mlimani, ubaki umezibwa, maana upepo wa masika unatokea huko, na ndio uliokuwa ukimwingizia mvua na baridi miaka yote. Pande mbili za bondeni zifunguliwe. Kiasi gani? Nikatoa tepu yangu ya kupimia. Yeye akapanda juu ya kinu, akaweka shubiri yake ukutani, kidole gumba hadi kidole cha mwisho, akasema, "Hivi." Tukapima nyumba nzima kwa shubiri ya bibi. Kazi ya kubomoa lipu yako mwenyewe, mbichi, uliyoilainisha kwa mkono, siwatakii. Lakini bibi aliongea siku ile kuliko siku zote tatu. Alinielekeza, akanikosoa, akanirudisha pale nilipozidisha. Jioni ikatukuta hatujamaliza, kingo zote zimechongoka kama mkate uliokatwa kwa kijiko.

Jumapili baada ya misa Deo akafika, bodaboda ameiacha chini lori linapoishia, mtu mzima mwenye mvi chache, koti zuri, begi kubwa tupu la kuwekea nguo za mama yake. Lile begi ndilo lililonitisha. Akamwamkia mama yake, akatusalimia kwa heshima, akatazama juu.

"Ndiyo matengenezo haya?" akauliza. "Bati jipya, ukuta umebomoka?"

Kelvin akafungua mdomo. Nikamwahi.

"Kaka Deo, ukuta nimeuharibu mie. Niliziba kote, nyumba ikajaa moshi, mama akapika nje mvuani. Jana tumefungua anavyotaka yeye. Bado kingo hazijamaliziwa. Kosa ni langu, si la mama."

Akanitazama kwa muda ambao sikuupenda. Kisha akamgeukia mama yake. "Mama, nikiwa mjini, mvua ikinyesha tu, mie silali. Najua iko kitandani kwako. Unadhani nakuonea?"

"Najua hunionei," bibi akasema. "Ingia ukae."

Aliingia. Bibi akawasha moto, na kwa makusudi, nilimwona, akachagua kuni mbichi. Moshi ukapanda mzito. Sote tukakaa kwenye vigoda, tukainua macho kama watu wanaosubiri matokeo ya mtihani. Ukafika darini, ukazunguka pale mbegu zilipokuwa zimesharudishwa, ukasitasita, halafu ukapinda kuelekea bondeni na kutoka. Deo alikula ugali na mboga mpaka sahani ikaisha, pale pale karibu na moto, macho makavu. Bibi hakula. Alikuwa anamtazama mwanawe.

Deo alipomaliza kunawa, akavua koti, akalitundika mlangoni. "Udongo uko wapi?" akaniuliza. "Hizi kingo mama hawezi kupanda kuzimalizia."

Tukazimalizia pamoja, Jumapili ile, Mungu atusamehe. Jioni akashuka na lile begi lake limejaa karoti na njegere. Bibi akabaki mlangoni akipunga mkono hadi mwanawe akapotea njiani.

Jumatatu asubuhi, lori likitusubiri chini, nilikwenda kumuaga. Akasema tena, "Ahsanteni wanangu, kila kitu kizuri." Safari hii sikuikubali.

"Bibi, sema kweli. Kuna nini kingine?"

Akaangalia chini, akaangalia mlango, akacheka kidogo. Mlango unafungukia nje, akasema, upepo utaung'oa. Nikaugeuza bawaba, mbio mbio, katekista akituita kule chini. Kingine? Kigoda cha Deo kimelegea mguu. Nikapigilia. Sijawahi kufurahi kukosolewa namna ile.

"Kingine, bibi?"

"Kingine ni wewe," akasema, akanishika shavu kwa kiganja chake kigumu. "Mikono yako mizuri. Sauti yako kubwa mno. Mtu akikuogopa hatakwambia nyumba yake inajaa moshi."

Tulishuka, tukalala sote njiani, Dar tukaipata jioni na joto lake. Kesho yake nilikuwa kazini Madale. Mama mwenye nyumba akapita, akaangalia dirisha nililoweka, akasema, "Pazuri, fundi." Nikashuka kwenye ngazi, nikafuta mikono, nikamuuliza polepole, kwa sauti ndogo kadiri nilivyoweza, anataka kuishije humo ndani. Alishangaa kidogo. Kisha akavuta ndoo, akakaa, akaanza kusema.