Msimu Baba Aliposhika Jembe la Mama

Baba yangu alilima ngolo kwa msimu mmoja tu, na watu walitoka hadi ng'ambo ya korongo kuja kumtazama. Sitii chumvi. Walikuja kweli, wengine wamebeba watoto mgongoni, wakasimama kando ya shamba letu kama watu waliokuja kuangalia mpira.

Asiyeijua milima yetu ya juu ya Mbinga anaweza kujiuliza ajabu yake nini. Miteremko ya kwetu ni mikali, na mvua ikiachwa ijiendee hubeba udongo wote hadi bondeni. Kwa hiyo sisi Wamatengo tunalima mashimo. Nyasi hufyekwa, zikalazwa kwa mistari inayokatana, mpaka mteremko mzima unakuwa na miraba kama ubao wa drafti. Kisha udongo wa katikati ya kila mraba huchimbwa na kufunika zile nyasi. Panabaki shimo lenye kingo nne. Maji hutulia shimoni, maharage huota juu ya kingo. Hiyo ndiyo ngolo. Kufyeka na kulaza nyasi ni kazi ya wanaume, kuchimba na kufunika ni kazi ya wanawake. Mpaka mwaka ule sikuwahi kumwona mtu akivuka mpaka huo.

Ilikuwa miaka ya mwanzo ya ujamaa. Nyumba zetu zilikuwa zimesogezwa karibu na barabara mpya, na asubuhi za zamu baba alikwenda kwenye shamba la kijiji pamoja na wenzake. Mimi nilikuwa darasa la saba. Mwalimu mkuu alikuwa ametuonya kwamba mwanafunzi atakayekuwa mtoro muhula ule asitegemee kukaa kwenye mtihani.

Baba alikuwa amekwisha kulaza nyasi shamba zima wakati habari zilipofika kutoka ziwani, kwao mama. Mama yangu ni Mnyasa wa Lundo, na dereva wa lori la samaki alituletea ujumbe kwamba bibi, mama yake, ameanguka na kuvunjika mguu. Mama alifunga kanga mbili, akambeba mdogo wetu wa mwisho, akapanda lori lililokuwa likiteremka Mbamba Bay. Nyasi zikabaki zimelala shambani, na wa kuzifunika hayupo. Mvua zikikatika kabla ya maharage kupandwa, mwaka mzima tungekula ugali na majani.

Ukoo wetu ulikuwa na desturi ya sengu: jioni wanaume wote hula pamoja nyumbani kwa mkubwa wao, na mambo ya familia huamuliwa hapohapo, tonge likiwa mkononi. Mimi nilikuwa nimepeleka ugali wa nyumba yetu, nikawa nasubiri vyombo mlangoni. Baba mkubwa ndiye aliyeanza.

"Huyu binti amekua," alisema. "Ana mikono. Aache shule achimbe, mama yake akirudi atarudi darasani."

Nilishika fremu ya mlango. Nilijua ninavyojua jina langu kwamba ukishatoka darasa la saba hivyo, hutarudi tena.

Baba alitafuna, akameza, akanywa maji. "Hapana."

"Hapana nini?"

"Hatoki shule."

"Sasa ngolo atachimba nani? Mwalimu mkuu?"

"Nitachimba mimi."

Mtu mmoja alipaliwa na mboga, ikabidi apigwe mgongoni. Wengine walicheka mpaka wakaweka matonge chini. Baba mkubwa alimgeukia mdogo wake. "Na ukishamaliza kuchimba utazaa?" Kicheko kikaanza upya. Baba naye alicheka, akachukua tonge jingine. Nilirudi nyumbani na vyombo vitupu nikikimbia gizani kama niliyeponea chupuchupu kuumwa na nyoka.

Siku ya kwanza alikosea vibaya. Baba alikuwa mkulima wa kahawa, na mashimo aliyoyajua ni ya kupandia miche ya kahawa: membamba, ya kwenda chini sana, udongo umerundikwa upande mmoja. Ndivyo alivyochimba. Nilipotoka shule nilimkuta shangazi, dada yake mkubwa, amekaa chini kando ya shamba, machozi ya kicheko yakimtoka.

"Kaka, unalima ngolo au unapanda mibuni? Au unazika mtu?"

"Badala ya kucheka si unionyeshe!"

"Nikuonyeshe mara ngapi? Umeoa mwanamke wa ziwani, tukamfundisha sisi, akajua. Wewe umezaliwa hapahapa, miaka yote hiyo ulikuwa unaangalia nini?"

Lakini alisimama, akachukua jembe, akamwonyesha. Chukua udongo wa juu kwanza. Utupe pande zote nne, usipendelee wa chini. Nyasi isionekane hata moja. Kanyaga ukingo kwa kisigino, ukizama, ongeza. Baba alifuata, ulimi umetokeza pembeni ya mdomo kama mtoto anayejifunza kuandika. Mashimo yote ya asubuhi aliyafukia, akaanza upya.

Tangu siku hiyo, kila nilipotoka shule nilipitia shambani. Nilidhani atanipa jembe la pili. Hata mara moja hakunipa.

"Kitabu kiko wapi?" angeuliza kabla sijamaliza kusema shikamoo.

"Ninacho, baba."

"Basi kaa hapo juu usome. Kwa sauti, na mimi nisikie."

Nikasoma. Nilisoma jiografia kwa sauti kubwa juu ya mteremko ule, mito, milima, miji, naye akichimba chini yangu na kunikatiza kila baada ya mistari michache. "Huo mto unaishia wapi?" "Rudia hapo." "Kwani huko hawana mvua?" Nikikwama alisimama, akaegemea jembe, akanisubiri mpaka nipate jibu. Sijawahi kusoma kwa raha kama ile! Sauti yangu ilikuwa inavuka korongo, na nilijua kuna mtu mmoja duniani asiyetaka neno lolote limpite.

Jirani yetu, mama mmoja mwenye sauti ya kengele, hakumpa nafasi ya kupumua. "Mama wa kiume!" alipaza sauti kutoka shambani kwake. "Leo umepika nini?"

"Usipa, dagaa wa ziwani! Njoo na ugali wako!"

"Na mgongo je?"

"Mgongo niliuacha nyumbani, upo kitandani!"

Wanawake wa mteremko mzima walicheka. Lakini niliona kwamba walikuwa wakipita karibu na kingo zake, wakizikanyaga kwa kisigino, kisha wakienda zao.

Alimaliza siku ya Ijumaa, maharage yakapandwa na kufunikwa. Jumamosi mchana wingu jeusi lilipanda kutoka upande wa ziwa. Mvua iliyoshuka haikuwa ya matone, ilikuwa ya ndoo. Baba alitoka nje bila kofia, nami nikamfuata mpaka shambani, chini ya nyumba.

Mwanzoni ilikuwa furaha tupu. Mashimo yalikuwa yanajaa! Moja baada ya jingine, kingo zimetulia, maji yanazunguka humo kama yameambiwa yakae. Halafu tukasikia mngurumo juu yetu. Mtaro wa barabara mpya ulikuwa umezidiwa, na mkondo mwekundu ulikuwa unashuka moja kwa moja kwenye mstari wetu wa juu. Ukingo wa kwanza ukakatika mbele ya macho yetu. Ukikatika wa pili, wa tatu haungekaa, na shamba lote lingeondoka na maharage yake.

Baba alikimbia na jembe. Nikachukua jembe la pili nyuma ya mlango.

"Rudi ndani!" alifoka.

"Sirudi!"

"Basi njoo huku! Jaza hapo! Kanyaga!"

Nilikanyaga kwa miguu yote miwili. Yeye alichimba mfereji wa kuyapeleka maji kando, lakini yalikuwa mengi kuliko mikono yake. Nikaanza kulia na kuchimba kwa pamoja. Ndipo nilipomsikia yule jirani.

"Mama wa kiume, sogea! Unachimba kama unabembeleza mtoto!"

Alikuwa amejifunga kanga juu ya magoti. Nyuma yake shangazi, na nyuma ya shangazi wanawake wengine wenye majembe mabegani. Walijipanga mstari bila kuambiana, wakarusha udongo kwa mpigo mmoja, wakitukana mvua kwa Kimatengo maneno ambayo sikujua kama watu wazima wanayajua. Mkondo ukayumba, ukageuka, ukaingia kwenye mfereji, ukatuacha! Baba alitupa jembe chini akarukaruka katikati ya matope, mikono juu, akipiga kelele bila maneno, na wanawake wakapiga vigelegele mvuani.

Tulipoteza mstari wa juu peke yake. Maharage mengine yote yaliota, tukayala mpaka mwaka uliofuata. Mama aliporudi, bibi akiwa ameanza kutembea kwa fimbo, alizunguka shamba lote, kisha akamwambia baba kingo zake ni nene mno. Baba aliitembeza sifa hiyo kijiji kizima.

Mtihani niliufanya. Majina ya waliochaguliwa kwenda sekondari yaliposomwa shuleni nilikimbia bila kumuaga mtu, nikamkuta anapanda mahindi. Sikuwa na pumzi.

"Umechaguliwa?"

Nikatikisa kichwa kukubali. Mbegu zilimwagika mkononi mwake. Alinishika mabega, akanitazama usoni, kisha akaugeukia mteremko na kupaza sauti kwa akina mama wote waliokuwa wameinama huko: "Amechaguliwa! Jamani, amechaguliwa! Anakwenda Songea!"

Sikumshukuru siku ile, maana hakunipa nafasi. Alikuwa amekwisha kuanza kuteremka mbio, anaruka kingo, anakwenda kumwambia kila mmoja kwa mdomo wake mwenyewe, nami namfuata nyuma nikicheka na kumwita aningoje.