Bomba la Stima na Mayai ya Mama

Mnisamehe mwandiko huu na makosa ya herufi. Shule niliishia darasa la saba, na mkono wangu umezoea spana kuliko kalamu.

Nilipanga chumba mtaa wa Kimumu kwa mama mmoja aliyetoka upande wa ziwa. Alikuwa na sanduku la mbao lenye balbu ndani, la kuangulia vifaranga. Jumamosi moja akina mama wa kanisa walikuja kufua kanzu za kwaya na blanketi. Kamba hazikutosha, wakafunga nyingine kwenye bomba la chuma juu ya paa, lile linalopokea waya wa stima kutoka kwenye nguzo ya barabarani. Blanketi zimeloa, upepo ukaja, bomba likapinda kama ndizi. Watu wa stima wakakata waya, wakasema hawataurudisha mpaka bomba jipya lisimame na mkaguzi wao aridhike.

Mayai ndani ya sanduku yalikuwa yamebakiza siku tano kuanguliwa.

Mama akayazungushia chupa za maji moto, zikipoa anabadilisha. Fundi aliyenifundisha kazi alikuwa ameenda kazi mji mdogo wa Ziwa. Mimi, ambaye hata salamu hunitoa jasho, nikasema nitafanya.

Jumapili duka la vyuma lilikuwa limefungwa. Jumatatu nilishinda juu ya mabati. Nikang'oa bomba bovu, nikapitisha jipya, nikalibana ukutani, nikalielekeza mdomo chini ili mvua isiingie, nikaziba tundu la paa kwa lami. Sikuhisi njaa. Kila nati ilipokaza nilitaka kuimba.

Kesho yake mkaguzi akauliza nani amefunga bomba. Nikatazama viatu vyangu.

"Ni huyu," mama akasema. "Haongei, lakini mkono yake inaongea."

Mkaguzi akapanda, akalishika bomba, akaning'inia na uzito wake wote. Bomba halikutikisika.

"Kama imebeba mimi na ugali yangu, itabeba waya," akasema. "Lakini mama, kamba ya nguo funga kwa mti."

Mchana balbu zikawaka. Alhamisi alfajiri mama alinigongea, akaniwekea kifaranga mkononi, bado kimelowa. Nilicheka peke yangu kama mjinga. Kati ya mayai sitini vilitoka arobaini na kimoja.

Hayo kumi na tisa bado nayafikiria. Mnaofuga kuku, yai hukaa bila joto muda gani na bado likatoka? Niandikieni. Nitajibu, ingawa polepole.